Punda wa Évariste

Évariste Kasongo alitoka Likasi, akapata kazi ya kutunza farasi wa mbio kwenye mabanda ya kaskazini mwa Randburg, ambako mimi nilikuwa mlinzi wa geti. Mwaka 2015 alikabidhiwa dume mwekundu wa miaka miwili, mkorofi, aliyeandikishwa kwa jina la Monarki. Évariste alimwita Punda.

Othmani wa Tanga, aliyegawa majani, hakumwacha apumue.

"Kaka, punda hubeba maji. Huyu akijua unavyomwita atadai talaka."

"Kwetu vyote ni punda, papa Othmani. Na huyu anaitika. Wewe unayemwita farasi, alikuitika lini?"

Kweli, akisikia Punda masikio yalisimama.

Miaka mitatu dume yule alitawala uwanja wa mbio wa Turffontein. Magazeti yalimsifu tajiri wake, kocha na mpandaji. Évariste alitokea pembeni mwa picha, mkono tu ulioshika kamba. Mwaka 2018 mguu ukaharibika, mbio zikaisha, bingwa akauzwa Cape akazalishe.

Zamani farasi wa namna hiyo akihama, mtunzaji wake alihama naye, na huko alipewa chumba karibu na banda. Hayo sikuyasoma mahali, niliwafungulia geti mwenyewe. Siku hizi farasi ni mzigo, na mzigo hauhitaji mwenzake. Évariste alikwishafunga sanduku lake ndipo msimamizi akamwambia hana nafasi ya kwenda.

Asubuhi lori lilipofika, farasi aligoma kupanda. Wakamwita Monarki, wakamvuta, wakamsukuma. Évariste alisimama kando ya sanduku lake. Alingoja washindwe, wamchukue naye.

"Mwite basi," msimamizi akasema.

"Nitaenda naye?"

"Nimeshakujibu."

Évariste akaketi juu ya sanduku. Dereva akachukua mjeledi, akampiga farasi kwenye mguu ule ule mbovu.

"Acha." Évariste akatangulia kupanda ndani ya lori. "Punda. Kuja, tuende."

Farasi akamfuata taratibu, akalaza pua begani mwake. Évariste akafunga kamba, akashuka kupitia mlango mdogo wa mbele.

Lori lilipopita getini, kwato zilikuwa zikigonga mbao. Othmani alimbebea Évariste sanduku kulirudisha chumbani, bila utani wowote. Nikamwambia Évariste kwamba amemwepusha farasi na mjeledi.

"Nimemudanganya, mzee," akasema. "Nilimwambia tuende."