Koko na Mimi Tulivyokwenda Shabunda

Koko, nyanya yangu mzaa baba, alipofariki, wazee wa ukoo waliniomba niseme neno matangani, kwa sababu nilikuwa mlinzi wake wa safari. Niliinamisha kichwa kama mtu anayestahili. Ulinzi wangu ulianzia Shabunda.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Bukavu, mwenye abakosti moja ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, niliyoivaa hata nikienda kununua makaa. Koko alikuwa mjane mfupi ambaye hakuweza kusikia jina la mahali bila kuuliza watu wanafikaje huko. Siku moja akapata habari kwamba mdogo wake, aliyeolewa Shabunda, alikuwa anapoteza macho. Akasema ataenda wakaonane wakati bado wanaweza kuonana. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Kulikuwa na ndege ndogo tu ya wafanyabiashara, iliyopeleka chumvi na sabuni na kurudi na mawese.

Baba alikataa mama yake apande ndege peke yake. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko lori, nikajitolea. Kabla ya kuondoka niliwaeleza majirani wote jinsi ndege inavyopaa, nao kwa adabu zao wakanisikiliza.

Ndani mlikuwa na viti viwili, kimoja cha rubani. Rubani alisema, "Sitwayeni, kaa hapa," yaani raia, kama tulivyoitana wote siku hizo, nami nikapiga hatua. Kumbe anamwambia Koko. Nikakaa nyuma juu ya magunia ya chumvi. Tulipoanza kupita juu ya msitu, ndege ikawa inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nikatapika ndani ya kofia yangu. Kofia ilipojaa, nikatumia mfuko wa abakosti. Kule mbele Koko alikuwa akimwonyesha rubani mto na kumuuliza unaitwaje.

Jamaa wa Shabunda walikuwa wameambiwa tu kwamba anakuja mzee asiyeweza kutembea mbali, basi wakaja na kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, na vijana wa kukibeba. Mlango ulipofunguliwa, Koko alishuka mwenyewe, akanyoosha kitenge chake, akaanza kuamkia watu. Nyuma yake nikatokea mimi, kofia iliyojaa mkononi. Vijana hawakuuliza kitu. Walinipokea, wakaniketisha, wakaniinua. Nilitaka kukataa, lakini niliogopa kufungua kinywa.

Ndivyo nilivyoingia Shabunda: Koko mbele na begi langu kichwani, mimi juu, watoto nyuma. Wanawake walisimama kando kwa heshima, na mmoja akauliza yule mgonjwa ana nini. Koko akajibu, bila kugeuka, kwamba ni uchovu wa kazi.

Mdogo wake alitoka nyumbani akipapasa ukuta. Walishikana nyuso, wakakaa hivyo. Kisha yule mdogo akakaza macho upande wangu.

"Na ule muzee iko mu kipoyi, ni nani?"

"Ni mujukuu yetu," Koko akasema. "Alikuya kunichunga."

Walicheka mpaka wakaketi chini. Mimi nilikuwa bado sijashushwa.

Tulikaa huko hadi mvua zilipopungua. Koko alifika hata kwenye machimbo ya dhahabu, kuangalia tu wanavyochimba, nami nikabaki nyumbani na yule mdogo wake, tukimenya mihogo. Tuliporudi Bukavu, baba alimuuliza nilivyomtunza.

"Alinichunga muzuri," alisema. "Bila yeye singefika."

Nilingoja acheke. Hakucheka, wala hakusimulia mambo ya Shabunda kwa mtu yeyote. Matokeo yake, kila alipotaka kusafiri, baba alinituma mimi. Nilimlinda hadi Luvungi juu ya shehena ya lori, nikamlinda hadi kisiwa cha Idjwi katika mtumbwi uliovuja, na kila mara yeye ndiye aliyenishika mkono.

Matangani nilisimulia habari ya kipoyi. Watu wengi walidhani nimeitunga ili kuwafariji waliofiwa.

Baada ya mazishi hakuna aliyenituma popote. Juzi nikaenda bandarini peke yangu, nikauliza nauli ya Idjwi. Mwenye mashua akanitazama, akauliza niko na nani. Nikasema niko peke yangu, na hapo nikaanza kulia, mtu mzima, mwalimu, mbele ya wauza ndizi. Mama mmoja akasogeza mizigo yake, akaniambia, "Papa, ikala hapa," nikakaa.