Wivu Wangu na Injini ya Mwalimu

Mwalimu alifika kwetu mara ya kwanza akivutwa na lori la mchanga. Gari lake dogo la Kiingereza, jeupe kama maziwa, lilikuwa limefungwa kamba nyuma ya lori, naye ameketi ndani ameshika usukani, kavaa suruali na kitambaa kichwani, anacheka kama mtu anayetoka harusini. Mimi nilikuwa nakaanga maandazi. Mume wangu alikuwa na gereji pale Kwa Mathias, Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, na kibanda changu cha chai kilikuwa ubavuni mwa gereji hiyo, ili madereva wanaosubiri magari yao wapate cha kutia tumboni. Nilimwona yule mwanamke akishuka na kunyoosha mkono uliojaa oili. Mume wangu alikuwa na desturi ya kuwapa wateja kiwiko kwa sababu ya uchafu wa mikono yake. Huyu mwanamke alimpa kiganja.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Mwalimu alikuwa akifundisha sayansi kule Tumbi, hana mume, na alikuwa amesoma Ulaya akarudi na tabia ya kufungua boneti mwenyewe.

"Injini imekufa, fundi," alisema. "Wala sitaki uifufue. Nataka nyingine, yenye nguvu kuliko hii."

"Nguvu ya kubeba nini?"

"Ya kukimbia."

Wenye magari wa Dar walikuwa na mchezo wao wa kushindana kupanda vilima vya Kisarawe, mmoja mmoja, saa mkononi. Mwaka uliopita mwalimu alikwenda akashika mkia. Alishindwa, alisema, hata na daktari mmoja mzee aliyekuwa amempakia mkewe na kikapu cha chakula. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nimekaa naye miaka sita na kicheko kile sikukijua.

Kuanzia siku hiyo mwalimu akawa anapita kila jioni akitoka kazini. Wangeinama pamoja chini ya boneti, vichwa vimekaribiana, na mimi ningebaki na karai langu nikiangalia migongo yao miwili. Sikuwahi kuona kitu kibaya, na hilo ndilo lililonitesa. Ningeona mkono umeshikwa, ningejua la kufanya. Nilichokuwa nakiona ni mazungumzo. Mume wangu, ambaye nyumbani maneno yake yalikuwa chumvi imezidi, chumvi imepungua, na mtoto amelala, alikuwa anamweleza mwanamke mwingine jambo kwa mikono yote miwili, anarudi nyuma, anaanza upya, anabishiwa na anafurahi kubishiwa.

Mchana mmoja nilipomletea chakula chake nikamwuliza, "Hivi mnabishania nini na yule mwalimu?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa Kichina. Kisha akachukua mwiko wangu. Akaniambia katika injini kuna mti wa chuma wenye matuta, unaitwa kemshafti, na kazi yake ni kufungua valvu ili injini ivute pumzi na kuitoa. Katika injini za Kiingereza kama ya mwalimu, mti huo umelala chini, tumboni mwa injini, na valvu ziko juu kichwani. Basi kati yao kunasimamishwa fito za chuma, pushrodi, kila tuta likipita linaisukuma fito, na fito inasukuma valvu. Akausimamisha mwiko juu ya ngumi yake, akaizungusha ngumi, mwiko ukaruka juu chini.

"Na nyingine?"

"Nyingine za Kijapani. Mti wenyewe umepandishwa juu kabisa, unazungushwa na mnyororo, hauna haja ya fito. Inapumua haraka zaidi. Lakini kichwa chake ni cha alumini, maji yakikauka kidogo tu kinapinda, na kipuri chake utakipata wapi siku hizi?"

Nilielewa. Nakumbuka jinsi nilivyoelewa na jinsi nilivyokasirika, maana jambo lenyewe halikuwa gumu, na angeweza kunieleza wakati wowote katika miaka ile sita.

Injini ya fito waliyokuwa wakiifikiria ilitakiwa kutoka kwenye pikapu yoyote ya kampuni ile ile, kubwa kuliko ya mwalimu lakini yenye matundu yale yale ya boliti. Ya Kijapani ilikuwa Dar, kwa mwuza vyuma chakavu, imetolewa kwenye gari lililojiingiza nyuma ya lori. Mwalimu alikuwa anaitaka hiyo ya Dar, na walikuwa wamepanga kwenda wote wawili kuiangalia.

Nikasema, "Mjomba wangu wa kule Mzenga ana pikapu ya Kiingereza. Tangu mazao yaanze kununuliwa na ushirika, imesimama tu bandani. Kuku wanatagia ndani."

Mume wangu akaacha kutafuna.

Siku zilizofuata nikawa mtetezi wa fito. Mwalimu akija, nami nawapelekea chai na kusimama hapo. Nikawaambia fito hazitaki vipuri vya Japani. Nikawaambia injini ya mjomba imebeba korosho miaka yote ile kwenye mchanga wa Mzenga haijafunguliwa hata mara moja. Nikaonyesha kwa kiganja kwamba ile ya Dar, ikiwa mti wake uko juu, lazima itakuwa ndefu na boneti haitafunga. Mwalimu alinisikiliza vizuri, kichwa upande.

"Shemeji anajua kutetea," alisema. "Haya fundi, tujaribu ya mjomba kwanza."

Tukaenda Mzenga, mimi na mume wangu, katika lori la kuazima. Nilivaa kitenge kipya. Mjomba alitupokea uwanjani, tukaamkiana, shikamoo, marahaba, habari za Kibaha, akina mama wakachinja kuku. Injini ikatolewa kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti za banda, vijana wa kijiji wanavuta, mume wangu anaelekeza, na mimi nasimama karibu yake napokea boliti na kuzitia kwenye kopo. Wakati wa kurudi aliniuliza nilichokuwa naimba. Sikujua kama naimba. Nilikuwa nimeshinda, na aliyeshindwa hakujua kwamba tulikuwa mashindanoni.

Injini ya mjomba ilikaa ndani ya gari la mwalimu kama iliyozaliwa humo. Iliunguruma kwa sauti nene, nzito, na ilipanda mlima kwa gia ya tatu bila kulalamika. Jumamosi hiyo mwalimu akaichukua kwenda kuijaribu, peke yake. Akarudi kwa miguu.

"Nilipiga resi sana," alisema. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na hakuwa na huzuni hata kidogo.

Walipofungua, fito mbili zilikuwa zimepinda kama vijiti vya mishikaki vilivyokaliwa. Mume wangu akazishika kwenye mwanga. Alisema injini haikuwa na kosa, ilikuwa injini ya kubeba korosho. Ukiizungusha kupita kiasi fito haziwahi, valvu zinabaki wazi, pistoni inazigonga. Kila ukitaka mwendo zaidi ya ule, utanyoosha fito.

"Basi Dar," mwalimu akasema.

Wakaenda Dar. Waliondoka asubuhi na gari la mtu mwingine, na mimi siku nzima niliunguza vitu. Nilimchapa mtoto kwa kumwaga maji ambayo ningemwaga mwenyewe. Dereva mmoja wa basi aliniuliza fundi yuko wapi, nikamjibu, "Kamwulize mwalimu," mpaka leo sijui alinielewaje. Akilini niliwaona wamekaa katika hoteli ya mjini wanakunywa soda. Niliwaona wakicheka juu ya pikapu ya mjomba wangu na kuku wake. Jioni waliporudi na injini imefungwa kwa magunia, mume wangu aliniletea kanga, na hiyo kanga nikaikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku, kwa sababu ilikuwa nzuri mno kuchaguliwa na mwanamume.

Injini ya Kijapani ilikuwa ndefu kweli. Boneti haikufunga. Mume wangu alikata bati akalitengenezea nundu, akachomelea vishikio vipya, akabadilisha na giaboksi yake. Kazi ilikula zaidi ya mwezi, na jioni zote za mwezi huo nilitazama migongo.

Siku ya mashindano ilikuwa sheria kila gari lipande na abiria mmoja. Sote tulijua abiria atakuwa nani. Mume wangu alikuwa amenyoa na kuvaa shati la kanisani. Tulipofika chini ya kilima mwalimu akamtazama toka juu mpaka chini.

"Fundi, wewe ni mzito. Kilimani kila kilo ni mzigo. Nampakia shemeji."

"Mimi?" nikasema.

"Unaona mshale huu unaopima injini inavyozunguka? Ukigusa wekundu, unapiga kelele, nami nabadilisha gia. Mimi macho yangu yatakuwa barabarani. Fundi angekuwa anasikiliza injini, angesahau mshale."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mwanamke yule siku tutakapokuwa peke yetu. Niliyarudia kichwani kwa miezi, na sasa nilikuwa nimekaa kando yake, mlango umefungwa. Kabla sijafungua kinywa bendera ikashuka.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Injini ya mjomba ilikuwa inanguruma, hii ilipanda. Ilianza chini kama mtu anayesafisha koo, ikaendelea kupanda na mahali ambapo nilidhani itakoma haikukoma. Mshale ukagusa wekundu. "Sasa!" nikapiga kelele. Akakanyaga, akavuta, ikaanza kupanda tena. Kona ya kwanza ilinitupa mlangoni. Mikorosho ilipita kama ukuta mmoja. "Sasa!" Alikuwa ameuma midomo, mikono yake myembamba inaugeuza usukani itakavyo, na gari lote, nundu yake na alumini yake na mnyororo wake, lilikuwa linamsikiliza. "Sasa! Mwalimu, sasa!" Tulipofika juu nilikuwa nalia na sikujua nimeanza wapi.

Alikuwa wa tatu. Walimbeba juu juu. Mume wangu alifika akihema, amepanda kilima kwa njia ya mkato, na mwalimu akamkumbatia hadharani, mbele yangu, na nilishangaa kuona haikuniuma. Nilikuwa namwangalia mwalimu, si mume wangu. Nilikuwa naiangalia mikono ile. Wivu niliokuwa nao ulikuwa umehama ukakaa mahali pengine, na pale ulipokaa ulikuwa mkali zaidi. Mume anaweza kurudi nyumbani jioni, na mke akatulia. Lakini mimi nilitaka kuwa mwanamke yule, na kwa hilo hakuna jioni.

Tuliporudi mume wangu aliniuliza, "Ilikuwaje mle ndani?" Nikamwambia. Nikamweleza mshale ulivyokwenda, injini ilivyovuta vizuri zaidi karibu na wekundu kuliko chini, na katika kona ya pili ilivyosita kidogo kama iliyokosa petroli. Akauliza ilisita vipi. Nikamwigia sauti. Akanibishia, akasema ni kabureta, nikamwambia haikuwa hivyo, sikiliza, nikaiga tena. Wali ulipoa mbele yetu. Mtoto akalala mkekani bila kuambiwa.

"Nifundishe kuendesha," nikasema.

Alicheka, akaona sicheki. Mwishowe alinifundisha, kwa magari ya wateja, kwenye njia ya Tumbi asubuhi na mapema, akiwa ameshika breki ya mkono muda wote. Nilijua kuendesha vizuri. Gari la kuendesha sikuwahi kuwa nalo.

Mwalimu alihamishiwa bara mwaka uliofuata. Gari hakwenda nalo, maana petroli ilikuwa imekuwa taabu. Alilinunua mfanyabiashara mmoja wa Mlandizi, mtu mnene mwenye haraka, akawa anapita nalo Kwa Mathias kila asubuhi akienda mjini. Lilisikika kutoka mbali. Mume wangu, akiwa chini ya gari lolote, angeacha spana na kutega sikio mpaka lipite, na mimi ningeacha karai langu. Halafu kila mmoja angerudi kwenye kazi yake bila kumtazama mwenzake.