Kaolewa na Msimulizi

Chuoni Nizwa, Lamees alimwogopa mwalimu wake wa riwaya mpya za Kiajemi, zile zenye wasimulizi wanaokanushana. Mwalimu hugonga kila kitenzi kwa ukucha wenye hina na kuuliza kwa sauti nyembamba, "Nani anasema hapa?" Lamees alipouliza hadithi inaishaje, alikemewa mbele ya wenzake: "Hayo ya barazani!" Juzi akaingia ofisini bila hodi, akamkuta mwalimu kafungua ukurasa wa mwisho wa riwaya ambayo mwenyewe bado hajaianza, macho yamemlowa.

"Shikamoo, mwalimu. Kumbe unaanzia mwisho?"

"Marahaba. Funga mlango, habibti," akanong'ona mwalimu. "Binti wa watu kaolewa na yule msimulizi mwongo!"

Lamees akavuta kiti. "Wallahi? Na wazee wake wamekubali?"