Baba Aliishia Wami

Baba alifyeka pori na kubeba mataruma kwenye reli mpya, ile iliyounganisha njia ya Tanga na njia ya Dar es Salaam, miaka ya mwanzo baada ya Uhuru. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani Sindeni akiwa na viganja vigumu na maneno mengi. Jioni, wanaume wenzake walipokuja kuzungumza, aliwaeleza Dar es Salaam mtaa kwa mtaa: hapa benki, pale soko, kule meli. Sisi watoto tulimeza kila neno. Mama alimsikiliza huku akipukuchua mahindi, hakuuliza kitu.

Mwaka ambao mahindi yalikubali, baba alisema atatupeleka kuuona mji. Tulikuwa wanne: yeye, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni. Tungefikia kwa baba mdogo, aliyekuwa kuli bandarini na kupanga chumba Ilala. Tulipanda basi hadi Korogwe, tukaingia kwenye treni alasiri, katikati ya watu wenye vikapu vya matunda kutoka milimani na kuku waliofungwa miguu.

Baada ya stesheni ya Mnyusi treni ilikata kusini, ikaingia kwenye reli ya baba. Hapo akasimama dirishani, wala hakukaa tena. Alituonyesha kichaka walikomkuta chatu, na tuta lililosombwa na mvua wakalijenga upya. Abiria wa benchi la pili wakaanza kumuuliza maswali, naye akawajibu kama mwenye nyumba anayepitisha wageni vyumbani. Giza lilipoingia aliendelea kusimulia. Tulipovuka daraja la Wami alinyamaza, akakaa, akajifunika koti. Nilidhani amechoka.

Asubuhi tulishuka Dar es Salaam. Baba alitangulia na sanduku kichwani, mama nyuma yake, mimi nimeshika ncha ya khanga yake. Tulipita maduka yaliyokuwa yanafunguliwa, tukakunja kona, tukakunja nyingine, tukajikuta mbele ya stesheni ileile. Baba akasema wamebadilisha barabara. Tukaenda upande mwingine, na jua lilipokuwa limekwisha kupanda, jengo la stesheni likatokea tena mbele yetu. Mdogo wangu alikuwa analia njaa.

Mama akaweka kikapu chini. Akamuuliza kwa sauti ya chini, kwa Kizigua, ili wapita njia wasielewe, "Baba watoto, hapa umewahi kufika?"

Baba alitua sanduku.

"Sijawahi," akasema. "Sisi tuliishia Wami. Kutoka pale kiliendelea kikosi kingine."

Nilingoja mama akasirike. Hakukasirika, wala hakucheka. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Basi tuulize."

Alimwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua, akamwamkia, akanunua, na wakati tunakula akamwuliza njia. Yule mama alikuwa Mzaramo. Lugha zao zilikaribiana, wakawa wanacheka kila walipotofautiana kwenye neno. Alituelekeza tukate uwanja wa Mnazi Mmoja, tupite Kariakoo, tuulize tena mbele. Mama akatangulia. Kila alipofika njia panda alimtafuta mwanamke aliyeketi na biashara yake, maana, alisema, aliyeketi hana haraka, atakujibu vizuri. Baba alifuata na sanduku, na adhuhuri tulikuwa kwa baba mdogo.

Siku zilizofuata tuliuzunguka mji hivyohivyo. Baba mdogo alienda kazini alfajiri, na mama akatutoa. Tuliona meli bandarini, na mdogo wangu akashikilia kata kata kwamba ni nyumba. Tuliingia maduka ya khanga bila kununua. Siku ya kwanza baba alitembea nyuma. Ya pili nilimsikia akimwuliza mama leo tunakwenda wapi, na kabla hatujaondoka mjini alikuwa anacheka kwa kile kicheko chake cha nyumbani.

Tuliporudi Sindeni, wanaume walikuja jioni kama kawaida. Baba aliwasimulia chatu, tuta na daraja. Mmoja akamwambia, "Haya, tupeleke mjini sasa." Nilimtazama baba. Aligeuka mlangoni alikokaa mama, akasema mbele yao wote, "Mji huo mimi sikuujua. Aliyeniongoza ni huyu. Aeleze yeye."

Mama hakuwa amezoea kusema mbele ya wanaume. Alianza taratibu, akisitasita, akieleza habari za yule mama wa vitumbua, na mwishowe watu walikuwa wanamuuliza yeye.

Miaka ya baadaye tulipohamia kijiji cha ujamaa, akina mama walitakiwa wachague mwenzao wa kuingia kwenye kamati ya kijiji. Walimchagua mama. Alikuwa akipanda basi kwenda mikutano Handeni peke yake, na siku hizo baba ndiye aliyetupikia ugali.