Bastola ya Mbio Ilivyolia Katikati ya Maombi

Chekeni tu, mimi nishazoea, maana hata leo nikipita karibu na uwanja wa Kaloleni nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sarafu.

Mimi ni mtu wa mikono. Pasi, redio, jiko la gesi, nikifungua lazima nifunge (skrubu zikibaki moja mbili, hizo ni zangu). Basi Kocha Wafula, anayefundisha watoto wa mtaa riadha, aliponiambia bastola yake ya kuanzishia mbio, ile ya kutoa mlio tu bila risasi, imekataa kulia, nikadakia, "Kocha, leta hiyo kitu!" Jamani, nilivyosisimka! Nikaifungua kwa kisu cha jikoni, springi ikaruka ikapotelea chini ya kochi, nikatia ya kalamu, nikapaka mafuta ya cherehani, nikavuta, ka! ka! nikajiona fundi wa silaha.

Hapo ningeishia. Lakini nilitaka kumkabidhi kocha ikiwa tayari kabisa, kwa hivyo nikaitia baruti zake, nikaitumbukiza kwenye mkoba, huyo, siku ya mashindano nikaenda uwanjani na kitenge kipya.

Watoto wamejipanga kwa mstari, chifu ameketi, pasta anafungua kwa maombi, macho tumefumba, nami polepole nikaweka mkoba chini... PAA!

Watoto wakachomoka! (Wangejuaje? Wameambiwa wakisikia mlio wakimbie.) Wazazi wakalala chini, chifu akaingia chini ya meza, na moshi, ole wangu, ukawa unatoka kwa mkoba wangu.

"Mama, toka kwa hiyo mkoba!" akafoka askari wa chifu.

"Afande, ni ya mbio!"

"Mbio gani? Lala chini!"

Nikalala, kitenge na yote, mpaka kocha akaja akaeleza. Askari akachungulia mkobani: bastola, kitambaa, na chapati yangu imetoboka katikati.

"Nani alitengeneza hii?"

Kocha akaniangalia. Uwanja mzima ukaniangalia.

"Ni mimi," nikasema, mdomo umejaa vumbi.

Watoto walikataa kurudia mbio. Mshindi alikuwa Akinyi, binti ya jirani yangu, ambaye hakuwa amefumba macho. "Asante, auntie," akaninong'oneza, na siku hiyo hakuna mwingine aliyenishukuru.

Tangu hapo nimeapa: kitu chochote cha kufyatua, hata kama ni chupa ya kupulizia maua maji, ukiniletea utakuta nimefunga mlango na nimezima taa.