Chai ya Madam

Chuoni Kilosa tulifundishwa kupima unga wa dawa kwenye mizani ndogo iliyozungushiwa vioo, ili hata pumzi yako isiiguse. Siku ya kwanza niliweka unga kidogo mno, ambao nisingeweza hata kuushika kwa vidole viwili. Mwalimu akasema, "Huo unatosha kumuua ng'ombe. Upunguze, utamponya mtu." Nilisisimka mwili mzima. Mimi mtoto wa Rudewa, niliyezoea vitu vya kupimwa kwa debe, nilijiona nimekaribishwa jikoni kwa Mungu.

Sikujua kwamba mizani ndiyo ilikuwa kazi rahisi.

Mwaka wa mwisho nilipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Mikumi, kwa mafunzo ya vitendo. Msimamizi wa dirisha la dawa alikuwa mama mmoja mnene, mkali, mpenzi wa chai. Tulimwita Madam. Sharti lake lilikuwa moja: mgonjwa haondoki na dawa mpaka akuoneshe mwenyewe atakavyoitumia.

"Na wewe," aliniambia, "siku nitakayokuacha hapa dirishani nikaenda kunywa chai yangu kwa amani, ujue umefuzu. Kabla ya hapo sikupitishi."

Asiponipitisha, masomo yangu yote yamekwenda na maji.

Kwa vijana wenzangu sikuwa na shida. Shida ilikuwa wazee. Kwetu unamwamkia mzee, anakuitikia marahaba, kisha unasubiri akuambie yeye. Leo eti nimwambie bibi wa watu, "Haya, rudia nilichosema," kama niko darasani na chaki mkononi! Ulimi ulikuwa mzito. Nilieleza, wao wakaitikia "ndiyo, mwanangu", nikanyoosha bahasha ya dawa, na Madam akainyakua kutokea nyuma yangu. Kila mara ikawa hivyo. Chai yake ikawa inapoa mezani na hasira zake zinapanda, na muda wangu pale ulikuwa unakatika.

Asubuhi moja akaja bibi kutoka milimani, mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa na nimonia, anahema harakaharaka. Alikuwa ameandikiwa vidonge vya kuyeyusha majini: kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa siku tano. Nikaamkia, nikaeleza.

"Ndiyo, mwanangu," bibi akasema, akanyoosha mkono.

Nikasikia Madam anasogea. Nikamtazama yule mtoto. Mpaka leo sijui maneno yale niliyatoa wapi.

"Bibi, naomba tuigize kidogo. Mimi ndiye mjukuu wako, naumwa, na tumeshafika nyumbani. Nipe dawa."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamteleza begani. "Haya, mjukuu wangu. Kwanza nainjika chungu. Natia dawa yote, naiacha ichemke vizuri. Halafu nakupa kikombe asubuhi, kikombe jioni, mpaka siku tano ziishe."

Dawa yote, chunguni! Lakini kwake haukuwa ujinga, maana dawa za mizizi ndivyo zinavyochemshwa: mara moja, zikanywewa siku nyingi. Alikuwa amenisikiliza neno kwa neno, kisha kila neno akalipeleka mahali alipopajua. Niliogopa, tena sana, kwa sababu vidonge vile vikichemshwa vinaharibika. Kati ya mtoto yule na chungu kile alisimama mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikaleta kijiko na maji safi ya kunywa. Tukaweka kidonge kimoja. Kikalegea, kikamomonyoka taratibu, maji yakawa meupe kama maziwa, na sisi wawili tumeinamia kijiko. Chuoni nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi. Siku ile ndipo lilipouteka moyo wangu.

Bibi akamnywesha mtoto mwenyewe, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga. Kisha, bila kuombwa, akanigeukia na kidole juu.

"Na wewe mjukuu mwingine, nisikilize. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwenye kijiko. Vingine vinakaa humo kwenye bahasha. Chungu sikigusi."

Nikamnyooshea bahasha, nikiusubiri ule mkono wa nyuma yangu. Haukuja.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Kupitia mlango wa uani nilimwona Madam amekaa barazani, miguu ameinyoosha, anapuliza chai yake.