Kichuguu cha Kupigia Simu

Sisi watu wa Nyeri tuna ugonjwa mmoja tu, na jina lake ni taifodi. Mwili ukichemka ni taifodi. Chakula kikikushinda ni taifodi. Mbu hatuna, na tunajisifu hivyo kwa wageni, ati baridi ya mlima imewafukuza, kwa hivyo chochote kinachomlaza mtu lazima kimetoka kwa maji. Nikisikia neno hilo hadi leo, damu yangu inachemka.

Ndugu yangu mdogo ni fundi wa mawe. Mwaka jana alipata kazi ya kujenga shule kule chini, mbali kupita Isiolo, kwenye joto na miiba. Kila jioni alimpigia Mama simu hapa Wamagana, wakaomba pamoja kabla Mama hajagusa chakula. Jioni asipopiga, Mama hakula, na mimi ndiye niliyesumbuliwa nikiwa kwangu Skuta: "Hebu mpigie wewe, pengine simu yangu imeharibika."

Alirudi suruali ikiwa imefungwa kwa kamba. Homa ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Amekonda mwili mzima isipokuwa tumbo, ambalo lilikuwa limevimba upande wa kushoto, chini ya mbavu.

Kliniki ya kwanza walimtoa damu, wakasema, bila shaka, taifodi. Akameza dawa akazimaliza. Homa ikabaki palepale. Kliniki ya pili wakasema ni taifodi sugu, wakamdunga sindano.

"Na hili tumbo?" nikauliza.

"Hiyo ni gesi, madam," mhudumu akanijibu.

Gesi! Gesi gani hiyo ngumu kama jiwe la kusagia? Nikamwambia kwamba huyu mtu wetu alikuwa anafanya kazi kaskazini. Nilidhani sasa ataniangalia usoni. "Aah, huko maji ni chafu sana," akasema, akaandika taifodi tena.

Nyumbani nako, wee! Shangazi alikuja na supu ya kichwa cha mbuzi iliyochemshwa na mizizi, chungu ajabu, akamsimamia hadi amalize. Jirani akasema ni baridi imemshika, mtu hatoki kwa joto namna ile aingie Wamagana na fulana. Wamama wa kanisa waliomba vizuri sana, halafu wakifika langoni wakanong'onezana kuhusu wanawake wa huko alikotoka. Nikawafuata nikawaambia ya moyoni. Mama alinikasirikia kwa kumwaibisha, lakini sijutii hata kidogo.

Halafu asubuhi moja ndugu yangu alitoka damu puani na damu ikakataa kukoma. Taulo ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa. Shangazi alikuwa jikoni anapasha supu. "Mtu wetu anakufa na nyinyi mnapika!" nikapiga kelele. Tukakodi gari, Mama akaketi nyuma akimshika kichwa, tukampeleka hospitali kubwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana tu, mdogo kwangu. Alilibonyeza lile tumbo, kisha akamuuliza ndugu yangu swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

"Kule ulikuwa unalala wapi, na jioni unakaa wapi?"

Hata kabla hajajibiwa vizuri alikuwa ameagiza kipimo, wakamtoboa kidole. Ni kala-azar, akasema. Inaletwa na usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, rangi ya mchanga, hakilii sikioni, kwa hivyo hujui umeumwa. Mchana kinajificha kwenye nyufa za kuta na mashimo ya vichuguu. Jua likishuka kinatoka kutafuta damu. Ugonjwa wenyewe una dawa, lakini ukiachwa unaua, na sisi tulikuwa tumeuacha sana.

"Kwa hivyo jioni ulikuwa wapi?" akarudia.

"Kwa kichuguu," ndugu yangu akasema kwa sauti ndogo. "Kuna kimoja kirefu nyuma ya kambi. Ukipanda ukae juu, netiweki inashika. Mafundi wote tunapigia huko."

"Kila jioni?"

"Kila jioni, daktari. Ni lazima tuombe na Mami."

Nilimwangalia Mama. Alikuwa ameshika simu yake ndogo mapajani, ile yenye mpira wa kufungia mfuniko. Nilitaka kumgombeza mtu, nikatafuta wa kumgombeza, nikakosa.

Ndugu yangu alidungwa sindano kila siku, machungu matupu, lakini tumbo likalegea, na siku alipoitisha chapati nilienda msalani nikalia. Alipopata nguvu alianza kuzungumza habari ya kurudi, maana shule haijaisha na kazi hapa hakuna. Nikafoka. Nikamwambia basi apige mchana, alale ndani ya neti, akae mbali na kile kichuguu. Akacheka, akasema netiweki iko pale tu.

Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Usinipigie," akasema, bila kuinua kichwa. "Nitakula."